Ramani ya amonia ya Mshtarii iliyochorwa Tabora: nini kiliiharibu, na inarekebishwaje

Tuchukue kikundi cha wapenda anga mjini Tabora, mwisho wa Aprili 2026. Kina darubini ya sentimita 20 yenye urefu wa fokasi wa mita 2, stendi yenye mota, kamera ya rangi moja na vichujio vyembamba vinne. Lengo ni kuchora ramani ya amonia kwenye angahewa ya Mshtarii kwa kutumia mwanga wa jua unaorudishwa na sayari hiyo. Ramani inatoka, inapendeza, na inasema mambo manne. Doa Jekundu Kuu, dhoruba kubwa ya sayari hiyo, lina amonia pungufu kwa asilimia 20 kuliko mkanda mweupe wa ikweta. Kila doa jeusi kwenye Mkanda wa Kaskazini wa Ikweta lina amonia nyingi magharibi mwake na kidogo mashariki mwake. Kusini kuna tundu dogo la mviringo lenye amonia kidogo sana. Na kwa jumla sayari nzima ina amonia karibu theluthi moja zaidi ya ilivyotarajiwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo manne la kuaminiwa, na kila moja limeharibika kwa sababu yake. Kisa ni cha kufundishia: vipimo vya kikundi ni vya mfano, vimewekwa katika ukubwa ambao vifaa vya aina hii hutoa. Namba za sayari na za fizikia ni halisi.

Mwanga umepita wapi

Mwanga wa jua huchukua dakika 43 hivi kufika Mshtarii. Pale una nguvu ndogo mara 27 kuliko unaotufikia hapa duniani. Unazama kwenye haidrojeni na heli, unapita ukungu mwembamba wa juu, unagonga mawingu, unatawanyika na sehemu yake inarudi. Mwisho wa Aprili ulihitaji dakika nyingine 45 kufika Tabora. Katika safari ile ya kwenda chini na kurudi juu, gesi hufyonza rangi zake maalumu. Rupert Wildt alitambua methani na amonia kwenye mwanga wa sayari kubwa mwaka 1932, kwa njia hiyohiyo ya kusoma sehemu zilizofifia za spektra, yaani mwanga uliotandazwa kwa rangi zake.

Methani hufyonza kwenye nanomita 619 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, yaani rangi yake), kwa nguvu zaidi kwenye 727, na kwa nguvu kubwa sana kwenye 889. Amonia ina ufyonzaji mdogo karibu na 647. Mdogo kweli: hapo mwanga hupungua kwa asilimia 3 hadi 4 tu. Kila hatua inayofuata inatawaliwa na udogo huo.

Ufifivu wa pale 647 unatokana na vitu viwili vilivyozidishwa pamoja, yaani wingi wa amonia kwenye hewa na urefu wa njia ambayo mwanga umepita ndani ya hewa hiyo. Mawingu yakiwa juu, njia ni fupi na ufifivu unapungua hata kama amonia haijabadilika. Mawingu yakiwa chini, njia inarefuka na ufifivu unaongezeka. Picha ya 647 peke yake haina namna ya kutenganisha hivyo viwili.

Methani ndiyo inayovitenganisha. Kwenye baridi ya Mshtarii methani haigandi wala haigeuki mawingu, kwa hiyo imechanganyika sawasawa kila mahali, takriban molekuli 2 katika kila 1,000. Chombo kidogo kilichotumbukizwa na chombo cha anga cha Galileo ndani ya Mshtarii mwezi Desemba 1995 kiliipima papo hapo. Kwa kuwa wingi wake unajulikana na haubadiliki, ufifivu wake unaeleza urefu wa njia tu. Ni futi kamba ya fundi. Gawanya ufyonzaji wa amonia kwa ufyonzaji wa methani uliopimwa mahali palepale, urefu wa njia unafutika na kinachobaki ni uwiano wa gesi. Combes na Encrenaz waliandika njia hii mwaka 1979. Mpenda anga wa Colorado, Steven Hill, ameonyesha kwamba darubini za kununua dukani na vichujio vichache vinatosha kuitekeleza.

Vifaa na mpangilio

Vichujio vinne vina upana wa nanomita 10 kila kimoja: 620 kwa methani, 647 kwa amonia, na viwili vya jirani, 632 na 656, ambako gesi hizi mbili zinafyonza kidogo. Cha 656 hupatikana kirahisi kwa sababu wapiga picha wa nebula wanakitumia kwa haidrojeni.

Pikseli za kamera zina mikroni 2.9. Kwa fokasi ya mita 2, kila pikseli inabeba sekunde ya tao 0.3 (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja). Mshtarii, aliyekuwa na upana wa sekunde 36 hivi wakati huo (mkabala, yaani dunia kupita kati ya jua na Mshtarii, ulikuwa tarehe 10 Januari), anakuwa na pikseli 120. Darubini ya sentimita 20 kwenye nanomita 640 inatenganisha sekunde 0.8, kwa hiyo lenzi ya kukuza haihitajiki. Kuiweka kunapunguza mwanga na kubana uwanja wa picha, na uwanja mpana hapa ni wa lazima.

Muda wa fremu uwe milisekunde 40, kila video iwe sekunde 30, biti 12 au 16. Biti 8 zisikubaliwe kwa kazi hii: zina ngazi 256 tu, na kwenye ng'ao wa 180 ngazi moja ni zaidi ya nusu ya asilimia. Gama, mpangilio wa kamera unaopindisha ng'ao, iwe 1, na marekebisho yote ya kujiendesha ya ng'ao yazimwe. Sehemu angavu kabisa ya sayari isizidi asilimia 80 ya uwezo wa kamera.

Tabora ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwisho wa Aprili mvua zinaelekea kuisha, hewa imeoshwa, moto wa mashamba na misitu ya miombo bado. Kuanzia Julai au Agosti moshi unabadilisha uwazi wa anga kutoka dakika moja hadi nyingine. Hata Aprili, moshi wa majiko kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku unatosha kuleta shida, na bati la paa lililoshinda juani hutoa hewa moto inayotikisa picha. Darubini iwekwe kwenye nyasi, mbali na sakafu ya saruji, na isielekezwe juu ya paa. Umande nao haukawii. Kola ya sponji ya godoro yenye urefu wa sentimita 30, iliyofungwa mbele ya darubini, inasaidia kuliko kupangusa lenzi kila mara. Lenzi ya mbele ikiloa hata kidogo, mng'ao wa Mshtarii unatawanyika pande zote na kuchafua giza linaloizunguka miezi yake.

Saa moja na nusu usiku Mshtarii yuko nyuzi 52 hivi juu ya upeo wa macho, ameshavuka meridiani (mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini), anashuka magharibi. Saa mbili na dakika arobaini ameshuka hadi nyuzi 39 hivi. Kazi nzuri ni ile ya saa ya kwanza.

Kosa la mzunguko

Tuanze na madoa meusi yenye amonia upande mmoja na upungufu upande wa pili, kwa sababu ndilo kosa linalojitambulisha lenyewe.

Mshtarii huzunguka mara moja kwa saa 9 na dakika 55 hivi, yaani nyuzi 0.6 kila dakika. Katikati ya diski yenye nusu kipenyo cha sekunde 18, alama ya mawingu inasogea sekunde 0.19 kwa dakika. Kikundi kilipiga 656 kwanza, kikapiga 632 na 620, kikamalizia na 647. Kwa video zake za dakika mbili na muda wa kubadilisha vichujio, kati ya 656 na 647 zilipita dakika 8. Alama zilikuwa zimehama sekunde 1.5 kuelekea magharibi, karibu mara mbili ya uwezo wa darubini kutenganisha.

Diski mbili zikilinganishwa kwa kingo zake, kingo zinakaa sawa lakini mawingu hayalingani. Doa jeusi kwenye picha ya 647 limeshahamia magharibi, mahali ambapo picha ya 656 bado ina mawingu meupe. Ukigawanya, upande wa magharibi unafifia na kuonekana una amonia nyingi, na upande wa mashariki unang'aa na kuonekana hauna. Ushahidi uko hapa: kwenye doa jeupe pande zinabadilishana. Amonia halisi haina sababu ya kubadili upande kwa kufuata rangi ya wingu.

Dawa ya kwanza ni mpangilio wa kwenda na kurudi: 656, 647, 632, 620, 632, 647, 656, kila video sekunde 30. Wastani wa muda wa kila kichujio unaangukia katikati ya mzunguko, na mhamo unafutana. Kazi yote inachukua dakika 4 hivi. Dawa ya pili ni programu ya bure ya WinJUPOS, inayorudisha kila picha kwenye dakika moja iliyochaguliwa. Bora kutumia zote mbili.

WinJUPOS hudai saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa 3. Kompyuta ikiachwa kwenye saa ya Afrika Mashariki, sayari inazungushwa nyuzi 109 za ziada. Halafu kuna kosa ambalo miongozo ya Ulaya haiwezi kulitaja: daftari linaandikwa "1:30" kwa maana ya saa moja na nusu usiku, na mtu mwingine anaiingiza kesho yake kama saa saba na nusu usiku. Hizo ni saa 6, nyuzi 218, na Doa Jekundu Kuu linaishia nyuma ya sayari. Daftari liandikwe 16:30 kwa saa ya dunia tangu mwanzo, na kila ukurasa useme hivyo juu.

Kosa la mwezi ulioachwa nje

Theluthi ya ziada ya amonia kwenye sayari nzima ilitokana na jambo dogo kwenye programu ya kamera. Ili video iende haraka, kikundi kilikata uwanja wa picha ukabaki 640 kwa 480, Mshtarii peke yake katikati.

Picha yoyote ya Mshtarii imebeba spektra ya jua yenyewe, ufyonzaji wa hewa yetu (mvuke wa maji una mistari mingi eneo la 650, oksijeni ina mkanda karibu na 628), uwazi wa kila kichujio na hisia ya kamera kwa kila rangi. Vyote hivyo lazima viondolewe kabla ya kuzungumzia asilimia 3. Njia rahisi kupita zote ni kugawanya kwa mwezi wa Mshtarii. Ganymede anamulikwa na jua lilelile, anaonekana kupitia hewa ileile, kioo kilekile na kichujio kilekile, na hana methani wala amonia ya kufyonza. Uso wake unarudisha rangi hizi nne karibu sawa. Io, mwezi mwingine wa Mshtarii, ana wekundu zaidi, basi awe chaguo la mwisho.

Kikundi kilijua hilo, lakini kwa kuwa Ganymede alikuwa nje ya fremu, kilimpiga peke yake baadaye, saa mbili na dakika arobaini. Kutoka nyuzi 52 hadi 39, unene wa hewa unaopitiwa na mwanga unaongezeka kutoka mara 1.27 hadi mara 1.59, na mvuke baada ya mvua hautulii. Tofauti ya asilimia 1 kati ya 647 na jirani zake inatosha. Ufyonzaji wote wa amonia ni asilimia 3.5, ongeza 1 na umezidisha amonia kwa zaidi ya robo.

Fremu nzima ya kamera hii ina upana wa sekunde 580 hivi. Ganymede akiwa mbali kabisa na Mshtarii alikuwa kwenye sekunde 270, kwa hiyo sayari ikiwa katikati bado anaingia, kwa shida kidogo. Callisto anaweza kutoka nje. Mwendo wa kamera unapungua, ndiyo, lakini kwa milisekunde 40 kwa fremu kasi kubwa haikuwa na faida yoyote. Mwezi uwe mbali na ukingo wa sayari kwa angalau upana mmoja wa diski, upimwe ndani ya duara la sekunde 6, na giza linalouzunguka lipimwe kwenye pete na kutolewa. Miezi ikaguliwe pia isije ikawa inaingia kivulini: miezi kadhaa baada ya mkabala, kivuli cha Mshtarii kinaelekea mashariki, na mwezi unaweza kuzimika ukiwa bado mbali na diski, katikati ya video.

Tundu la kusini

Hili ni vumbi. Vumbi jekundu la Tabora halihitaji kiangazi, linaingia kila mara gurudumu la vichujio linapofunguliwa. Chembe iliyo juu ya kichujio hutengeneza pete hafifu inayopunguza au kubadilisha mwanga kwa asilimia 1 hadi 2. Kwenye picha ya kawaida ya Mshtarii hakuna atakayeiona. Kwenye ramani ya amonia inakuwa tundu la asilimia 30 hadi 50.

Kipimo chake ni rahisi. Linganisha video mbili zilizopishana dakika 40. Sayari imezunguka nyuzi 24, na alama halisi iliyokuwa katikati imehama pikseli 24 hivi. Tundu la kikundi lilikuwa palepale kwenye pikseli zilezile, wakati mawingu yote yamehama.

Usawazisho, yaani kugawanya kila picha kwa picha ya mwanga ulio sawa ili alama za vumbi zifutike, ufanywe kila jioni na kwa kila kichujio peke yake, kwa sababu kila kichujio kina vumbi lake. Fulana nyeupe isiyo na maandishi inavutwa juu ya mdomo wa darubini, darubini inaelekezwa juu, na zinapigwa fremu 50 kwa kila kichujio. Jua Tabora mwisho wa Aprili linazama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, na magharibi yetu hayachelewi: kwa vichujio vya nanomita 10 kuna dakika 15 hivi za mwanga unaofaa. Anza na kichujio kinachopitisha mwanga mdogo kuliko vyote. Kamera isizungushwe wala fokasi isiguswe kwa nguvu baada ya hapo, vinginevyo picha za usawazisho zinakuwa za mpangilio mwingine.

Droo ya vichujio nayo ikaguliwe. Kichujio kilichokaa mshazari nyuzi 5 kinahamisha rangi yake karibu nanomita 0.6 kuelekea samawati. Kwa ufyonzaji mwembamba kama wa amonia hilo linapunguza kina kinachopimwa, bila dalili yoyote kwenye picha.

Na kunoa picha kusubiri. Programu za kunoa hupandisha kingo na kubadilisha ng'ao wa kila pikseli kwa kufuata jirani zake. Kikundi kilinoa kila kichujio peke yake kabla ya kugawanya, na hapo hakuna tena kipimo, kuna mchoro. Fremu zipangwe na kulundikwa tu. Anayetaka kunoa anoe nakala ya kupamba ukuta.

Hesabu ya Doa Jekundu Kuu

Sasa lile la asilimia 20, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito, kwa sababu lingebaki hata kama vifaa vyote vingekuwa safi.

Kwa kila kichujio, gawanya ng'ao wa eneo la Mshtarii kwa ng'ao wa Ganymede. Kisha kadiria ng'ao ambao ungekuwepo kama gesi isingefyonza. Kwa 647, iliyo kati ya jirani zake, chukua 0.375 ya thamani ya 632 na 0.625 ya thamani ya 656. Kwa 620 iliyo nje, chukua 1.5 ya thamani ya 632 na utoe 0.5 ya thamani ya 656. Hapo mstari unavutwa nje ya vipimo, na makosa ya 632 yanakua kwa nusu nzima; ndiyo maana 632 hupigwa mara mbili, karibu na 620 pande zote. Thamani iliyopimwa ikigawanywa kwa hiyo iliyokadiriwa inatoa salio, yaani sehemu ya mwanga iliyonusurika.

Tuseme kwenye mkanda mweupe wa ikweta salio la 620 ni 0.86 na la 647 ni 0.965. Kwenye Doa ni 0.89 na 0.972. Kina cha ufyonzaji ni logi asilia ya salio, ikibadilishwa alama. Ikweta: methani 0.151, amonia 0.0356. Doa: methani 0.117, amonia 0.0284.

Ukilinganisha amonia kwa amonia, 0.0284 ni pungufu kwa asilimia 20 kuliko 0.0356. Ndivyo kikundi kilivyofanya; picha ya 620 ilipigwa ikaachwa kwenye kompyuta. Lakini methani pia imepungua juu ya Doa, kwa asilimia 23, na methani haipungui popote. Kilichopungua ni njia: Doa lina ukungu na mawingu yaliyoinuka juu, ndiyo sababu linang'aa sana kwenye picha za 889. Gawanya amonia kwa methani: ikweta 0.236, Doa 0.244. Tofauti iliyobaki ni asilimia 3, tena upande wa pili.

Je, Doa lina amonia zaidi kidogo? Hapana, halijasema hivyo. Kosa la nusu ya asilimia kwenye salio la 647 ni kosa la asilimia 14 kwenye amonia. Asilimia 3 imezama ndani yake, na vipimo hivi havina la kusema kuhusu tofauti ya sehemu hizo mbili. Kwa mizunguko kumi ya kwenda na kurudi, kila mmoja na usawazisho mzuri, sehemu ya kosa inayobahatisha inashuka hadi chini ya theluthi yake. Kosa la vumbi au la mwezi halishuki kwa kurudia.

Kulinganisha eneo kwa eneo namna hii kuna faida nyingine: nguvu ya ufyonzaji wa kila gesi ndani ya kila kichujio hufutika. Anayetaka kiasi halisi, molekuli kwa milioni, lazima azidishe mkunjo wa kichujio chake mwenyewe (grafu ya mwanga kinaopitisha kwa kila rangi) na spektra ya gesi iliyopimwa maabara, kisha azidishe uwiano kwa ile methani ya 2 kwa 1,000. Mkunjo uliochapishwa kwenye kasha la kichujio ni wa aina hiyo ya kichujio kwa jumla, na kipande chako kinaweza kupotoka.

Ramani ya pili inaweza kusema nini

Makosa yakiondolewa, jambo kubwa linalotakiwa kujitokeza ni mkanda wa ikweta wenye amonia nyingi na Mkanda wa Kaskazini wa Ikweta wenye amonia kidogo. Juno, chombo cha anga kilichofika Mshtarii Julai 2016, kimeona tofauti hiyo kwa mawimbi ya redio, yanayopenya chini zaidi ya mawingu. Ramani ya darubini ndogo isiyoonyesha tofauti hiyo irudishwe mezani kabla ya kutafuta mambo madogo. Nje ya nyuzi 60 kutoka meridiani ya kati, yaani mstari wa katikati ya diski toka ncha hadi ncha, isisomwe kabisa. Mwanga unapita mshazari, uwiano unaanza kudanganya, na mwisho wa Aprili jua lilimulika Mshtarii kutoka pembeni kwa nyuzi 10 hivi, kwa hiyo ukingo wa mashariki umefifia zaidi kuliko wa magharibi.

Picha ya 620 peke yake nayo ni ramani: inatoa kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, la mahali mwanga unaporudi. Hapa ndipo vipimo vya namna hii vilipoleta mjadala. Kwa muda mrefu mawingu meupe ya Mshtarii yalielezwa kuwa barafu ya amonia, ambayo hutarajiwa kuganda karibu na bari 0.7 (bari 1 ni takriban kanieneo la hewa ya duniani kwenye usawa wa bahari). Patrick Irwin wa Oxford na wenzake, Hill akiwemo, walitumia hesabu hii kwenye vipimo vya chombo cha MUSE kilichoko kwenye darubini ya VLT nchini Chile, na mwaka 2025 walichapisha kwamba mwanga mwingi unarudi kutoka bari 2 hadi 3. Huko ni joto mno kwa barafu ya amonia. Mawingu hayo yanaelekea kuwa haidrosalfaidi ya amonia iliyochanganyika na moshi unaotengenezwa na mwanga wa jua. Barafu safi ya amonia inabaki kwa sehemu chache ambako hewa inapanda kwa kasi.

Kikundi cha Tabora hakiwezi kuthibitisha bari 2 kwa sentimita 20, lakini kinaweza kufuatilia mabadiliko wiki hadi wiki, kazi ambayo darubini kubwa hazipati usiku wa kutosha kuifanya. Mkabala wa Februari 2027 na ule wa Machi 2028 bado utaangukia masika. Ule wa Mei 2030 ndio utakaokaa vizuri kwenye kiangazi.

Kuna nafasi ya ukaguzi ambayo haina gharama kubwa. Kigoma iko magharibi ya Tabora kwa nyuzi 3.2 za longitudo, kilomita 350 hivi, na Mshtarii hufika urefu uleule angani dakika 13 baadaye. Kikundi cha pili kikipiga kutoka juu ya mji, mbali na hewa yenye unyevu ya ziwa, kwa mpangilio uleule wa vichujio na kwa dakika zilezile za saa ya dunia, sayari itakuwa imeelekeza uso uleule. Hewa, vumbi na kamera vitakuwa tofauti. Kila kikundi kichore ramani yake bila kuona ya mwenzake, zote zirudishwe kwenye dakika moja kwa WinJUPOS, kisha ya Kigoma itolewe kwenye ya Tabora pikseli kwa pikseli. Kinachobaki kwenye tofauti hiyo ndicho kiwango cha kosa, na alama yoyote ya amonia iliyo ndogo kuliko hicho ifutwe kwenye ramani zote mbili.